Chungu cha Bonane: Kinywaji cha Sikukuu katika Historia ya Likasi

Mvua za Desemba huikuta Likasi ikiwa na maembe tele sokoni na matope mekundu barabarani. Mji huu uko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na umeishi kwa shaba na kobalti tangu kuzaliwa kwake. Noeli ikikaribia, familia za mitaa ya Kikula, Panda na Shituru hupiga hesabu za sikukuu: kuku, mchele, nguo za watoto, na kreti ya bia ya Simba au Tembo pesa zikiruhusu. Lakini kipo kinywaji kimoja kisichongoja hesabu za duka. Hupikwa nyumbani kwa unga wa mahindi na mzizi wa porini, na huwekwa mbele ya wageni wa Bonane, yaani mwaka mpya, hata pale ambapo hakuna chupa iliyonunuliwa. Jina lake ni munkoyo.

Anayedhani kwamba kuchanganya kinywaji cha sikukuu nyumbani ni anasa ya hoteli na majarida ya Ulaya, aitazame Likasi. Hapa kazi hiyo ni ya kila mwaka, na historia yake ni ya mji wenyewe: reli, posho, sheria za wakoloni, na watu walioletwa kutoka pande zote za Afrika ya kati kuchimba na kuyeyusha madini.

Mpishi huanza na uji. Unga wa mahindi huchemshwa katika sufuria kubwa na kukorogwa mpaka uive kabisa, kisha sufuria huteremshwa motoni. Hapo ndipo subira inapotakiwa. Uji ukiwa wa moto mno, mzizi unaungua nguvu zake na kazi yote inakwenda bure. Ukipoa kupita kiasi, mzizi unafanya kazi kwa uvivu. Wazoefu hawahitaji kipimajoto, mkono wao unatosha. Wakati uji unapoa, mizizi iliyooshwa vizuri hupondwa mpaka nyuzi zake ziachane, hulowekwa katika maji, na maji hayo pamoja na nyuzi humiminwa ndani ya uji. Mkorogaji huhisi mabadiliko mkononi kabla hajayaona kwa macho: uji uliokuwa ukishikilia mwiko unalegea, unalegea tena, mpaka unakuwa mwepesi kama maziwa. Ukionjwa wakati huo ni mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Baadaye huchujwa, hutiwa katika ndoo au bidoni, hufunikwa na kuachwa ulale. Asubuhi yake una uchachu kidogo na harufu ya nafaka. Siku ya kwanza hauna kilevi cha kutajika. Siku ya pili na ya tatu unaanza kupata nguvu.

Mizizi yenyewe ni ya mimea ya porini ya jamii ya kunde, inayoota katika misitu ya miombo kutoka Katanga mpaka Zambia. Mwaka 1992 watafiti Pauwels, Mulkay, Ngoy na Delaude walichapisha nchini Ubelgiji uchunguzi wao juu ya mimea hiyo, ya jenasi Eminia, Rhynchosia na Vigna, na kueleza kwamba mizizi yake ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Katika bia ya kiwandani kazi hiyo hufanywa na shayiri iliyooteshwa. Katika pombe nyingi za Afrika Mashariki hufanywa na kimea cha ulezi au mtama. Kimea huchukua siku kadhaa kuotesha, kuanika na kusaga. Mzizi wa munkoyo hufanya kazi hiyo ndani ya saa chache. Waliougundua hawakuwa na maabara, na majina yao hayakuandikwa popote. Hata hivyo walifanya ugunduzi ambao wanakemia walikuja kuueleza baada ya vizazi vingi, na heshima hiyo wanastahili kupewa waziwazi.

Wakazi wa kale wa nchi hii, Wasanga na jirani zao, waliyeyusha shaba muda mrefu kabla ya Mzungu kufika. Katikati ya karne ya 19 alikuja Msiri, Mnyamwezi kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, akajenga himaya ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili. Nafaka za enzi hizo zilikuwa hasa mtama na ulezi. Mahindi hayakuwa mageni, ila yalipata ukuu baadaye, kampuni ilipohitaji kulisha maelfu ya vibarua kwa chakula cha bei rahisi kinachosafirika kwa reli.

Kampuni hiyo ni Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikasogea Kambove mwaka 1913 na Bukama mwaka 1918. Likasi ikawa katika njia hiyo. Mgodi ukafunguliwa, mitambo ikasimamishwa Panda na Shituru, na umeme ukaja kutoka maporomoko ya mto Lufira huko Mwadingusha mwaka 1930. Mji ukapewa jina la Jadotville kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa mtaji wa Kibelgiji, na ukalibeba jina hilo mpaka mwaka 1966.

Vibarua walitoka mbali. Wengi wa kwanza walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, nao walikuwa watu wa nchi ya munkoyo kama majirani zao wa Katanga. Katika miaka ya 1920 kampuni ikageukia Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Kila kundi lilikuja na kumbukumbu ya kinywaji cha kwao: Mnyarwanda na Mrundi walizoea pombe ya ndizi, watu wa Kasai divai ya mchikichi, Mbemba bia ya ulezi inayonywewa na wengi kutoka chungu kimoja. Ndizi na michikichi havikupatikana kwa urahisi katika nyanda hizi zenye baridi ya Juni na Julai. Kilichokuwapo kwa kila mtu ni unga wa mahindi, kwa sababu kampuni ndiyo iliyougawa.

Hapo ndipo posho inapoingia katika habari hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha mtindo wa kuleta wanaume wa mkataba mfupi na kuwarudisha kwao. Ikaanza kuwataka waje na wake zao, wakae kambini miaka mingi, wazae watoto watakaokuja kuwa wafanyakazi. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyeisimamia siasa hiyo kwa muda mrefu. Familia ilipewa nyumba, matibabu, shule, na posho ya kila juma: unga, maharage au karanga, mafuta, chumvi, samaki au nyama. Kampuni ilihesabu kila gramu kwa ajili ya misuli ya mfanyakazi. Haikuhesabu Noeli. Mwanamke aliyetaka kuwa na kitu cha kuwapa wageni wa Desemba alikuwa na njia moja: kubana unga kidogo kidogo, kisha kutafuta mizizi kwa wanaotoka porini.

Wakuu wa kambi walimtaka mfanyakazi aamke alfajiri akiwa mzima, kwa hiyo pombe ya nyumbani waliitazama kwa jicho la ukali. Munkoyo mchanga ulikuwa na bahati yake: ulikuwa chakula zaidi ya kilevi. Mtoto aliunywa, mama mjamzito aliunywa, na mzee asiye na meno alishiba nao.

Na kulikuwa na sheria juu ya kambi. Tarehe 10 Septemba 1919 mataifa ya kikoloni yalitia saini huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, mkataba uliozuia biashara ya vinywaji vikali kwa Waafrika wa sehemu kubwa ya bara. Siku 12 tu kabla ya hapo, tarehe 29 Agosti 1919, Ubelgiji yenyewe ilikuwa imepitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Vandervelde, waziri aliyeisimamia: ilikuwa marufuku kunywa pombe kali katika baa na migahawa, na aliyetaka kuinunua dukani ilimbidi achukue lita mbili au zaidi. Lengo lilikuwa kumzuia mfanyakazi asiimalize mishahara yake kwa vikombe vidogo. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1983, na ilizifanya sebule za Wabelgiji kuwa mahali pa kunywea.

Sheria mbili hizi zilizaliwa ndani ya wiki mbili, lakini hazikuwa sawa hata kidogo. Mbelgiji wa Liège mwenye pesa ya lita mbili aliweza kujaza glasi za wageni wake usiku wa mwaka mpya. Mwenzake Mzungu huko Jadotville aliweza pia. Mfanyakazi Mwafrika aliyeyeyusha shaba ya wote wawili hakuruhusiwa kuonja, na katazo hilo liliendelea karibu mpaka mwisho wa ukoloni. Ubaguzi uliandikwa hata ndani ya glasi.

Katazo halikuua kiu. Lilizaa lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo inayotoneshwa kwa siri: pipa juu ya moto, bomba linalopita katika maji ya baridi, na chupa mwishoni. Lutuku ilikuwa biashara ya wanawake waliojua kuficha pipa na kusoma mienendo ya polisi, na kwa wengi ilikuwa pesa ya ada na ya mazishi. Hilo lisemwe bila kuwadharau. Lakini lisemwe pia kwamba pombe inayotoneshwa bila kipimo imeua watu Afrika nzima. Nairobi, mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Katika vinywaji vya nyumbani vya Likasi, lutuku ndiyo pekee isiyostahili kufundishwa katika makala.

Wamisheni nao walikuwa na neno lao. Wabenedikto wa Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyetawala kanisa Katoliki la Katanga kwa karibu nusu karne mpaka kifo chake mwaka 1958, walishirikiana kwa karibu na kampuni na waliifanya Noeli kuwa sikukuu kubwa ya kambi. Upande wa pili walikuwa Wamethodisti. Mmarekani John Springer na mkewe Helen walifanya kazi katika ukanda huu wa Kambove na Panda, na shule yao ya Mulungwishi, magharibi ya Likasi, iliwalea wachungaji na walimu wa vizazi vingi. Mmethodisti wa wakati huo hakutakiwa kugusa pombe. Kwa nyumba kama hizo munkoyo uliopikwa jana ulikuwa baraka kamili: kinywaji cha sikukuu kisichomtia mtu hatiani.

Bia ya kiwandani ilikuwa imeshaanza Elisabethville katika miaka ya 1920, na baada ya Vita vya Pili ikawa ya wengi. Miaka ya 1950 ndiyo iliyoupa mji huu sauti yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya akipiga gitaa hapa Jadotville na kumrekodi wimbo wa Masanga. Wimbo huo ulizunguka Afrika na kufika Ulaya, na wapiga gitaa mpaka leo wanajifunza kuufuata kidole kwa kidole. Katika muziki wa gitaa wa Katanga wa miaka hiyo, mdundo mara nyingi ulitolewa kwa kugonga chupa tupu. Chupa ilikwisha kuwa sehemu ya sherehe hata baada ya kumalizwa kunywewa. Mwenzake Mwenda, Edouard Masengo, alikwenda Nairobi na kuimba kuitangaza Coca-Cola, na hivyo soda ikajipatia kiti katika meza za sikukuu kutoka Katanga mpaka pwani.

Uhuru wa Kongo ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Mwezi Septemba 1961 kikosi cha wanajeshi wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville kwa siku tano. Katika moja ya taarifa zao za redio walisema watapigana mpaka risasi ya mwisho, na kwamba wiski ingewafaa. Wiski haikuja. Helikopta ilifanikiwa kuwaletea maji, lakini vyombo vyake viliwahi kubeba mafuta na maji hayakunyweka. Walijisalimisha tarehe 17 Septemba, kiu ikiwa mmoja wa maadui wao. Mwaka uliofuata hakukuwa na Bonane ya utulivu pia: majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza kusonga tarehe 28 Desemba 1962 na yakaingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963.

Mwaka mpya uliendelea kuwa tarehe ya mambo makubwa hapa. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilipita mikononi mwa kampuni ya serikali, iliyokuja kujulikana kama Gécamines. Wafanyakazi wa Likasi walilala chini ya bwana mmoja na kuamka chini ya mwingine. Posho iliendelea, kambi ziliendelea, na kwa miaka michache bei ya shaba iliwaruhusu watu kunywa bia bila kuhesabu.

Kisha, mwaka 1974, Rais Mobutu aliifuta tarehe 25 Desemba katika orodha ya siku za mapumziko ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Siasa ya uhalisi ilikuwa imeshaondoa majina ya ubatizo na suti za Kizungu. Sasa ilikuwa zamu ya Noeli. Kisheria Desemba 25 ikawa siku ya kazi mgodini. Watu walisali usiku, wakaenda zamu asubuhi, na karamu ikasukumwa kwenye Bonane. Hata baada ya Noeli kurudishwa, mwaka mpya umebaki na uzito wa pekee. Ajabu ni kwamba serikali iliyodai kurudisha mambo ya asili iliwakuta wanawake wa Likasi wakiwa hawajayaacha: munkoyo ulikuwa jikoni siku zote, bila amri ya chama cha Mobutu.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya majonzi. Mgodi wa Kamoto wa Gécamines uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa kampuni ukaanguka, na kuanzia Agosti 1992 wanasiasa wa mkoa waliwachochea watu dhidi ya majirani wenye asili ya Kasai. Makumi ya maelfu walifukuzwa majumbani mwao. Wengi walilala kwa wiki na miezi katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni, na wengine walifia pale. Waliofukuzwa walikuwa watoto na wajukuu wa vibarua wa miaka ya 1920. Walikuwa wamezaliwa mjini, wamesherehekea Bonane mjini, na wamekula katika sahani moja na waliowafukuza. Hakuna historia ya karamu za Likasi inayoweza kuruka miezi hiyo.

Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines walilipwa kiasi cha mwisho na kuondoka kazini. Posho ikaisha kabisa. Nyumba nyingi zikaanza kuishi kwa shamba na kwa biashara ndogo ya mama. Kilichokuwa kinywaji cha sikukuu kikawa pia kinywaji cha kuuza: munkoyo katika bidoni, unaopozwa na kupimwa kwa kikombe kwa wapita njia, wachimbaji wadogo na madereva wa malori. Leo mizizi huuzwa sokoni kwa vifungu.

Mezani kwa sikukuu munkoyo hauko peke yake. Karibu nao huwekwa maji ya tangawizi, kinywaji kinachopendwa Kongo nzima: tangawizi mbichi huoshwa, hutwangwa au kusagwa, huchujwa kwa kitambaa, kisha hutiwa maji ya limau, sukari, na mara nyingi nanasi lililosagwa. Kinawasha koo na kupasha kifua katika usiku wa mvua. Maracuja na embe huongezwa na wenye navyo. Mwenye kutaka kilevi humimina pombe katika glasi yake mwenyewe, na mtoto anakunywa kile kile alichonywa babu. Hiyo ndiyo sifa ya kinywaji hiki kuliko punchi na kokteli nyingi za Ulaya, ambazo humtenga mtoto na mlokole tangu mwanzo.

Hatari iliyopo sasa ni ya msitu. Miombo inayouzunguka mji inakatwa kwa ajili ya makaa na kuchimbuliwa kwa ajili ya madini, na mmea wa munkoyo huuawa pale mzizi wake wote unapong'olewa. Wachimba mizizi waache sehemu ya mzizi ardhini, na vyuo vya kilimo vya Haut-Katanga vijaribu kuupanda mmea huu mashambani kama yanavyopandwa maharage. Kazi hiyo haihitaji mtaji wa kampuni ya madini.

Na kwa anayetaka kuunywa tarehe 1 Januari ukiwa katika utamu wake, bado uchachu haujauzidi nguvu: mizizi inunuliwe mapema, na uji uchemshwe jioni ya tarehe 31 Desemba.